Nani Anamkagua Mkaguzi?

Je, kutandika kitanda vizuri kunaweza kumfanya mtu awe mwema? Swali linachekesha kidogo, lakini kuna taasisi kubwa zilizosimama juu ya jibu la "ndiyo". Shule za bweni ni mojawapo, na seminari nazo zimo. Ila sijui taasisi iliyolishika jibu hilo kwa mikono miwili kama Kikosi cha Marine cha Marekani. Ndiyo maana leo nimewachagua wao, ingawa wako mbali nasi na wengi wetu tunawajua kwa filamu tu.

Hebu tuanze na Alhamisi usiku. Kwa desturi ya kambi zao nyingi, Alhamisi ndiyo siku ya usafi mkubwa, na Ijumaa asubuhi mkaguzi anapita. Wanaokaguliwa ni vijana wa vyeo vya chini, kuanzia askari asiye na cheo hadi lansi koplo, wengi wao ndio kwanza wametoka sekondari, na wanalala wawili au watatu kwenye chumba kimoja. Wanasugua sakafu. Wanavuta friji ili wafute nyuma yake. Wanapitisha kitambaa juu ya fremu ya mlango, mahali ambapo hakuna jicho la binadamu linalofika isipokuwa la mkaguzi. Unywele kwenye tundu la bafu ni kosa, na vumbi dirishani ni kosa. Chumba kikifeli, wikiendi inachelewa: watu wanarudia kusugua wakati wenzao wameshavaa kiraia na kuelekea mjini.

Sare nayo ina sheria zake. Kwenye sare ya heshima, tepe za nishani zinakaa milimita 3 hivi juu ya mfuko wa kushoto, na kuna watu wanaopima kwa rula. Uzi mmoja unaoning'inia kwenye mshono una jina lake la utani, na una makaripio yake. Kwenye suruali ya bluu ya sherehe, koplo na walio juu yake wana mstari mwekundu ubavuni, walio chini yake hawana. Kwa hiyo kijana anasimama kwenye gwaride na suruali yake mwenyewe inamtangaza kwamba bado hajafika.

Ungedhani watu wa namna hii wanazichukia sheria za sare. Wanazilalamikia, ndiyo, kila siku ya Mungu. Lakini mwaka 2011 Jenerali James Amos, aliyekuwa mkuu wa kikosi, aliamuru mikono ya mashati ya kombati isikunjwe tena mwaka mzima. Marine wana namna yao ya kukunja: upande wa ndani, ule uliopauka, unatokeza nje, na ukiwaona kwa mbali huwezi kuwachanganya na askari wa jeshi la nchi kavu. Manung'uniko hayakuisha. Mapema mwaka 2014 Amos huyohuyo akairudisha mikunjo, na vijana wakashangilia kurudishiwa sheria inayowaongezea kazi kila siku ya kiangazi. Tukio hilo dogo linanizuia kuandika makala rahisi ya kusema kwamba nidhamu hii yote ni unyanyasaji mtupu. Haivaliwi kwa woga peke yake. Ndani yake kuna fahari, na fahari ya kijana wa miaka 19 si kitu cha kuchezea.

Wanaoitetea wana hoja nzito, na ni haki tuisikilize hadi mwisho. Wanasema bunduki chafu hukwama, na mtu hawezi kuanza kujifunza uangalifu siku inapokwama. Lazima awe ameshaujenga kabla, kwenye mambo ambayo hayaui, ili siku ya mambo yanayoua mkono wake ufanye wenyewe bila kuulizwa. Kijana aliyezoea kuangalia nyuma ya friji ataangalia pia mpira unaozuia maji kwenye mlango wa gari la vita. Wazee wetu walilisema hilo kwa lugha ya udongo na fito: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Aristotle angewaunga mkono, angalau kwa nusu. Katika Maadili ya Nikomako anatufundisha kwamba wema haumwingii mtu kwa kusikiliza mihadhara. Fundi ujenzi huwa fundi kwa kujenga, na mwenye haki huwa mwenye haki kwa kutenda haki, tena na tena, mpaka tendo linageuka kuwa tabia. Akiishia hapo, ukaguzi wa Ijumaa unakuwa shule ya maadili. Lakini haishii hapo. Anaongeza masharti ambayo wasifuji wa vitanda huyasahau: ili tendo lihesabiwe kuwa la wema, mtendaji awe anajua anachofanya, awe amelichagua kwa ajili ya uzuri wa tendo lenyewe, na alifanye kutokana na tabia iliyotulia. Anayesugua bafu ili asinyimwe wikiendi amesugua bafu, basi. Bafu limekuwa safi. Yeye bado hatujui.

Sisi tuliosoma bweni hatuhitaji Mgiriki kutueleza tofauti hiyo. Shuleni kwetu Jumamosi asubuhi tulisimama kando ya dabodeka, matranka wazi, mwalimu wa zamu akipita na kiranja nyuma yake ameshika daftari. Kucha, kola, soksi. Kulikuwa na jamaa mmoja, Mungu amweke, aliyekuwa na mashuka mawili: la kulalia na la ukaguzi. Lile la ukaguzi lilikuwa jeupe kama theluji ya Kibo, limekunjwa chini ya tranka, linatoka mara moja kwa wiki na kurudi kabla halijapata joto la mwili wa mtu. Jamaa hakuwahi kuandikwa jina muhula mzima. Nadhani kila mfumo wa ukaguzi duniani una shuka lake la ukaguzi, na ukitaka kujua mfumo huo una afya gani, usiangalie kitanda. Tafuta limefichwa wapi.

Mfaransa Michel Foucault aliliona jambo hili kwa upande mwingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu kuzaliwa kwa gereza, anapofika kwenye nidhamu anaanza na askari. Zamani, anaeleza, askari alitambulikana tu kwa umbo na ushujaa aliokuja nao. Kufikia mwisho wa karne ya 18 askari akawa kitu kinachoweza kutengenezwa, kama unavyofinyanga udongo: unainyoosha shingo, unapanga miguu, unaondoa ukulima mwilini. Foucault anagundua pia kwamba katika nidhamu ya namna hii mambo yamepinduka. Zamani mwenye nguvu ndiye aliyeonekana, mfalme akipita na matarumbeta. Sasa mwenye nguvu amekaa pembeni, na anayemulikwa ni mdogo. Mdogo ndiye mwenye faili, ndiye mwenye namba, ndiye kitanda chake kinapimwa. Jicho linashuka tu.

Hapa sasa niingize filamu, maana wapenzi wa fasihi mnaosoma ukurasa huu wengi mmeiona. Full Metal Jacket ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1987, imetokana na riwaya ya Gustav Hasford, The Short-Timers, ya mwaka 1979. Hasford mwenyewe alikuwa Marine kule Vietnam. Anayeigiza mkufunzi wa kwata, Sajini Hartman, ni R. Lee Ermey, aliyewahi kuwa mkufunzi wa kwata kwelikweli. Watu wanakumbuka matusi. Mimi nakumbuka tukio la ukaguzi. Makuruta wamesimama juu ya masanduku yao na nguo za ndani, mikono mbele, Hartman anakagua kucha na nyayo. Anafika kwa Leonard, kijana mnene, mzito wa kuelewa, na anaona sanduku lake halijafungwa kufuli. Analipekua. Ndani kuna donati yenye jamu.

Adhabu haimwendei Leonard. Leonard anaambiwa ale donati yake huku kikosi kizima kikipiga pushapu kwa ajili yake. Usiku wenzake wanamfunga kwa blanketi kitandani na kumpiga kwa vipande vya sabuni vilivyofungwa kwenye taulo. Sabuni na taulo, vitu vya usafi. Tangu usiku ule Leonard anabadilika. Bunduki yake inang'aa, shabaha yake haikosi, na Hartman anaanza kumsifu. Kwa vipimo vyote vya ukaguzi, Leonard amepona. Kichwani ameshaondoka. Usiku wa mwisho kabla ya kutoka chuoni anampiga risasi Hartman chooni, kisha anajipiga mwenyewe, kwa bunduki safi kabisa. Mkaguzi aliona kila kitu isipokuwa mtu aliyekuwa mbele yake.

Hiyo ni filamu, utaniambia. Haya, twende kwenye historia. Usiku wa Aprili 8, 1956, katika chuo cha makuruta cha Parris Island, South Carolina, Sajini Matthew McKeon aliona kikosi chake kimelegea. Ili kukirudishia nidhamu akakitembeza gizani hadi kwenye mkono wa bahari unaoitwa Ribbon Creek, akaingia nao majini. Makuruta sita walizama wakafa. McKeon alishitakiwa katika mahakama ya kijeshi, akapatikana na hatia ya kusababisha vifo kwa uzembe na ya kunywa pombe kazini. Mwishowe adhabu yake ikawa miezi mitatu ya kazi ngumu na kushushwa hadi cheo cha chini kabisa.

Kinachonivutia ni kilichofuata. Kikosi hakikufuta kwata, hakikufuta ukaguzi, hakikuwaambia makuruta walale mpaka saa mbili. Kilichofanya ni kuongeza maofisa wa kuwasimamia wakufunzi wenyewe. Yaani kiliweka jicho juu ya jicho. Na mwaka huohuo ndipo wakufunzi wa kwata walipopewa ile kofia ya ukingo mpana anayoivaa Hartman, iwe alama ya heshima na ya dhamana. Tunaiona kofia ile kama ishara ya ukali. Mimi tangu nijue habari hii naiona kama kofia iliyozaliwa na maiti sita, ikimkumbusha aliyeivaa kwamba naye anaangaliwa.

Basi nikaanza kufikiri kwamba labda tunauliza swali lisilo lenyewe. Tunabishana kama nidhamu ya vitu vidogo ni nzuri au mbaya, kama inajenga au inavunja. Nadhani inaweza kufanya vyote viwili, na kinachoamua ni kama jicho linapanda pia. Ukaguzi una maadili pale tu ambapo anayekagua anaweza kukaguliwa, kwa vipimo vilevile na kwa uzito unaolingana na dhamana yake. Jicho likishuka tu, hata kama ni la upole, linawafundisha walio chini kwamba usafi ni kodi wanayolipa wadogo.

Chukua kuta zenyewe. Septemba 2023 ofisi ya Marekani inayokagua matumizi na utendaji wa serikali kwa niaba ya Bunge, ambayo kifupi chake ni GAO, ilitoa ripoti kuhusu makazi ya askari wasio na familia katika majeshi yao yote. Wakaguzi wake walitembelea kambi kumi. Walikuta ukungu kwenye kuta, maji taka, wadudu, milango isiyofungika, mifumo ya kuzima moto isiyofanya kazi. Mapema mwaka 2024 Kikosi cha Marine kikaamuru ukaguzi wa vyumba vyake vyote, ukuta kwa ukuta, kutazama hali ya majengo. Nilisoma habari ile mara mbili. Vyumba vile vilikuwa vinakaguliwa kila wiki! Miaka na miaka watu wamepita na vidole kutafuta vumbi juu ya fremu, na ukungu ulikuwa palepale, unachanua. Ila karatasi ya mkaguzi ilikuwa na nafasi ya kosa la lansi koplo, haikuwa na nafasi ya kosa la mwenye jengo. Mara nyingine kijana alipewa dawa akaambiwa afute ukungu, na wiki ijayo ukarudi, kwa sababu bomba lililokuwa linavuja ndani ya ukuta halikuwa lake kulitengeneza. Nyani haoni kundule, na hapa nyani alikuwa ameshika rula.

Ukungu unaudhi na unaumiza mapafu. Kuna mengine yanaua. Julai 30, 2020, karibu na kisiwa cha San Clemente, California, gari la vita linalotembea nchi kavu na majini lilikuwa linarudi melini baada ya mazoezi. Ndani walikuwemo watu 16. Gari hilo ni la aina iliyoanza kutumika mwaka 1972. Maji yakaanza kuingia, kidogo kidogo, kwa muda mrefu, na amri ya kutoka ikachelewa. Likazama. Walikufa Marine wanane na baharia mmoja, wengi wao wa vyeo vya chini, hawahawa wa Alhamisi usiku. Uchunguzi ulisema magari ya kikosi kile yalikuwa katika hali mbaya, na kwamba baadhi ya vijana hawakuwa wamepata mafunzo kamili ya kujiokoa kwenye gari lililozama.

Rudi kidogo kwenye ile hoja ya utetezi. Tuliambiwa anayezoea kufuta nyuma ya friji ataangalia na mpira wa kuzuia maji. Sasa vijana hawa friji walikuwa wameifuta. Waliokosa uangalifu walikuwa juu yao, kwenye ngazi za bajeti, ratiba na vipuri, mahali ambapo hakuna anayepita na kitambaa cheupe. Na kuna jambo lingine ambalo mtunzi wa riwaya akiliandika, mhariri atalikata kwa kusema limezidi. Meja Jenerali Robert Castellvi alikuwa kamanda wa divisheni iliyowaandaa askari hao na magari hayo. Baada ya ajali alihamia wadhifa mwingine: mkaguzi mkuu wa Kikosi cha Marine. Mkaguzi mkuu, msomaji! Aliondolewa kwenye wadhifa huo mwaka 2021, baada ya uchunguzi kumwona na sehemu yake ya lawama, na baada ya wazazi wa marehemu na wabunge kupaza sauti. Makamanda wengine walio chini yake walishaondolewa kabla. Kwa hiyo siwezi kusema jicho halikupanda kabisa. Lilipanda. Lilihitaji tu maiti tisa za kulisukuma.

Lakini mfano unaoninyima usingizi ni wa maji ya Camp Lejeune, kambi yao kubwa ya North Carolina. Kuanzia mwaka 1953 hadi 1987, maji ya kunywa katika sehemu za kambi hiyo yalikuwa na kemikali zinazosababisha saratani. Miaka 34. Waliokunywa, kuogea na kupikia maji hayo wanakadiriwa kufikia milioni moja: askari, wake zao, watoto wao, wafanyakazi wa kiraia. Na kemikali hizo zilitoka wapi? Baadhi zilikuwa za kuondolea grisi kwenye mashine. Nyingine zilitoka kwa dobi la kisasa lililokuwa nje ya eneo la kambi. Nguo ziliingia chafu na kutoka safi, zimenyooka, tayari kuvaliwa, na dawa iliyozisafisha ikashuka ardhini hadi kwenye visima. Ile methali yetu ya kikulacho ki nguoni mwako, sijawahi kuikuta imetimia neno kwa neno namna hii.

Fikiria asubuhi moja tu katika asubuhi zile zote. Kijana ameamka, amenyoa ndevu kwa maji hayo. Amesugua sinki kwa maji hayo mpaka linang'aa. Mkaguzi anapita, anainama, anatazama sinki, anaridhika. Labda anafungua bomba kuona kama linatoa maji vizuri. Vipimo vya mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilishaonyesha dalili, na visima vilivyoathirika zaidi vikaanza kufungwa mwishoni mwa 1984. Kati ya dalili na kufuli, watu waliendelea kuandikwa makosa kwa sababu ya matone yaliyokaukia kwenye bomba.

Humo ndani yumo Jerry Ensminger, sajini aliyetumikia Marine miaka 24, na ambaye katika utumishi huo aliwahi kuwa mkufunzi wa kwata. Mmoja wa wavaa kofia. Binti yake, Janey, alifariki kwa saratani ya damu mwaka 1985 akiwa na miaka tisa. Baba yake alikuja kusikia habari za maji kupitia televisheni, mwaka 1997, miaka 12 baada ya kumzika. Alichofanya ni kile alichofundishwa na kufundisha wengine: akakagua. Alifuatilia nyaraka, ripoti za maabara, tarehe, sahihi za nani alijua nini na lini. Alikwenda kutoa ushahidi mbele ya Bunge, si mara moja. Mwaka 2012 ikapitishwa sheria ya matibabu kwa waathirika, na sehemu yake imebeba jina la Janey. Mwaka 2022 ikaja nyingine iliyowafungulia mlango wa kudai fidia mahakamani. Kuna filamu ya hali halisi kumhusu ya mwaka 2011, Semper Fi: Always Faithful, jina lililotokana na wito wa kikosi, uaminifu wa daima.

Nikimsoma Ensminger namkumbuka Karama wa Shaaban Robert. Katika Kusadikika, riwaya ya mwaka 1951, Karama ameshitakiwa kwa kosa la kufundisha sheria, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi nyingine kutafuta mambo ya manufaa. Kila mmoja alirudi na alichokiona, na kila mmoja akalipwa kifungo. Kusadikika ni nchi ya kufikirika iliyo angani, lakini Shaaban aliipa ugonjwa wa duniani: utawala unaopenda sana kutazama raia zake na usiopenda kutazamwa. Ulinganifu una mipaka yake. Ensminger hakufungwa, na nchi yake mwishowe ilitunga sheria. Ila Karama naye, kumbukeni, hakuchukia sheria; aliipenda kuliko waliomshitaki. Ensminger pia hakuigeuka nidhamu. Aliichukua neno la wito wa kikosi akalipeleka ngazi za juu, ambako halikuwa limezoea kufika.

Najua pingamizi litakalokuja, hasa kutoka kwa waliopita JKT. Jeshi si bunge, bwana. Ukimruhusu kuruta amkague afande, siku ya risasi nani atasikiliza amri? Ni pingamizi la haki. Siombi lansi koplo apewe daftari aende kukagua kitanda cha jenerali kila Ijumaa, ingawa nakiri picha hiyo inanifurahisha. Amri inahitaji ngazi. Ninachosema ni kwamba ngazi ina pande mbili: anayepanda juu anaongezewa mamlaka, basi aongezewe na mwanga. Mkuu wa jengo akaguliwe bomba. Mkuu wa bajeti akaguliwe vipuri. Na anayeleta habari mbaya kutoka chini asionekane mtovu wa nidhamu, maana amefanya kilekile alichofundishwa Alhamisi usiku, kutazama mahali ambapo wengine hawatazami.

Tena wao wenyewe wanalijua jambo hili. Marine wana desturi ya zamani ya kwamba wakati wa chakula wadogo wanatangulia kupakua, na wakubwa wanakula mwisho. Chakula kikipungua, anayekosa ni mwenye cheo. Mtu anaweza kuidharau kama onyesho, nami siamini kwamba kila ofisa anaitimiza kwa moyo. Lakini ndani yake kuna wazo kamili la maadili: cheo ni deni. Desturi hiyo ingevuka ukumbi wa chakula ikafika kwenye majengo, visima na magari, nadhani vijana wa Lejeune wangeshughulikia vumbi la dirishani kwa roho nyeupe.

Nikirudi kwenye swali langu la mwanzo, jibu langu ni hili: kutandika kitanda kunaweza kumfundisha mtu uangalifu, na uangalifu ni mlango wa wema. Mtoto anaingia mlango huo anapoona kwamba anayemkagua naye anajali kitu kilekile. Akiona mwalimu anaokota karatasi njiani, ataokota. Akiona meneja wa ofisi anayekatwa mshahara kwa kuchelewa kama yeye, atawahi, hata kwa kunung'unika. Akigundua kwamba kipimo kinaishia kwake, atafanya alichofanya jamaa yetu wa bwenini: atatafuta shuka la pili. Na hatakuwa mjinga kufanya hivyo. Atakuwa ameuelewa mfumo kuliko walioutunga.

Wiki hii kuna mtu atakukagua, kazini, chuoni, pengine nyumbani kwa mama mkwe. Vumilia, futa vumbi, nyoosha kola. Ila mkaguzi akishamaliza na kuandika alama zake, muulize kwa adabu zote, kwa shikamoo kama ni mtu wa shikamoo, yale maji ya bombani yalipimwa lini mara ya mwisho, na nani alisaini.